Namna ya Kukadiria Muda wa Kazi za Kawaida za Usimamizi wa TEHAMA

Msimamizi wa mifumo anayeulizwa kazi zake za kawaida huchukua saa ngapi kwa wiki mara nyingi hutaja kiasi kidogo kuliko ukweli, kwa kuwa hukumbuka dakika alizokuwa kwenye kibodi na kusahau zile za kuhakiki na kuandika kumbukumbu. Makadirio yanayoweza kutetewa mbele ya mkuu wa idara hupatikana kwa hatua hizi.

1. Orodhesha kazi zote pamoja na marudio yake: ukaguzi wa nakala rudufu kila siku, akaunti za watumiaji kila wiki, na masasisho ya Windows, ambayo tangu mwaka 2003 Microsoft huyatoa Jumanne ya pili ya kila mwezi. Usiache kazi za mara moja kwa mwaka.

2. Rekodi muda halisi kwa mwezi mzima, ukitenganisha muda wa kutenda na muda wa kungoja. Hapa ndipo makadirio mengi huharibika. Kurejesha data ya gigabaiti 500 kupitia mtandao wa gigabiti 1 kwa sekunde (baiti moja ni biti 8), ukifanya kazi kwa kasi yake kamili, huchukua takribani dakika 67; kwa megabiti 100, kazi hiyohiyo huchukua zaidi ya saa 11. Msimamizi hakai saa zote hizo mbele ya skrini, kwa hiyo zisihesabiwe kuwa nguvu kazi. Lakini mtumiaji anayesubiri mafaili yake ni lazima aambiwe saa hizo zote, na kumwambia pungufu ni kumkosea haki.

3. Kwa kila kazi, chukua kutoka kwenye rekodi muda mfupi kabisa, muda wa kawaida na muda mrefu kabisa. Zidisha muda wa kawaida kwa 4, jumlisha na ile miwili, kisha gawanya kwa 6. Ikiwa kubadilisha nywila huchukua dakika 5, 10 au 45, kadirio ni dakika 15. Kwa maombi 30 ya wiki, hizo ni saa 7 na nusu, wakati anayeshika zile dakika 10 pekee angepanga saa 5.

4. Toa muda wa dharura kabla ya kupanga ratiba. Sheria ya kazi ya Tanzania Bara inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki. Iwapo rekodi zinaonyesha kwamba 15 kati ya hizo huishia kwenye simu zisizotarajiwa, zilizobaki za kupangia ni 30 tu.

5. Pitia upya hesabu kila idadi ya seva au watumiaji inapobadilika, na pia unapoandika skripti (programu fupi inayotenda kazi yenyewe) ya kufungua akaunti: muda wa kutenda utapungua, ila wa kuhakiki ubaki kwenye jedwali.