Jinsi ya kumshukuru Mungu kila siku kwa kinywa na kwa mikono

Mkristo anayeishi Unguja au Pemba huamka pamoja na jirani zake, kwani adhana ya alfajiri humfikia kitandani kama inavyomfikia kila mtu mtaani, na mimi nimejizoeza kuifanya sauti hiyo kuwa saa yangu ya shukrani. Kabla hujashika simu, kabla hujauliza kama maji yametoka, keti kitandani na umtajie Mungu jambo moja la jana kwa jina lake. Usiseme tu, "Nakushukuru kwa yote," maana kinywa huyazoea maneno hayo upesi na moyo ukabaki umelala. Sema kwamba homa ya mtoto ilishuka usiku wa manane, au kwamba mvua ya vuli ilinyesha Weti wakati mihogo imeanza kunyauka, au kwamba mtu uliyemkopesha alikuletea fedha zako bila ya kufuatwa. Mtume Paulo aliwaandikia Wathesalonike washukuru kwa kila jambo, nami naona kwamba kila jambo linastahili shukrani yake lenyewe, si kufungwa pamoja na mengine katika furushi moja.

Asubuhi ambayo huna la kutaja, kwa sababu ya msiba au deni, usijilazimishe kufurahi. Mwambie Mungu uchungu wako kama ulivyo, kisha mshukuru kwa pumzi uliyoitumia kumwambia.

Shukrani iliyotajwa hivyo hutafuta kazi ya kufanya. Katika Injili ya Luka waliponywa wakoma kumi, na yule mmoja aliyeshukuru ilimbidi ageuke njiani, arudi kwa miguu yake mpaka alipo Yesu. Nawe tafuta pa kwenda. Kwa anayeanza, hakuna pema kuliko sakafu ya kanisa siku ya Jumamosi jioni. Muulize kwanza anayelitunza kanisa ni kazi gani iliyobaki, usimpokonye mtu aliyeifanya miaka mingi, kwani huduma inayomhuzunisha mwingine imekwisha kupotea njia. Nyunyiza maji kidogo ili vumbi lisiruke juu ya vitambaa vya altare, ufagie taratibu kuelekea mlangoni, ukiinama chini ya kila benchi, kwa maana mchanga wa viatu hujificha huko. Nta ya mshumaa iliyodondoka usiikwangue kwa kisu. Iache ipoe na kukauka, uibandue kwa ukingo wa kipande cha plastiki, kisha upapanguse kwa kitambaa kilicholoweshwa maji ya moto.

Anayeifanya kazi hiyo katika Kanisa Kuu la Anglikana, Mkunazini, anajua magoti yake yamegusa wapi. Hapo palikuwa na soko la watumwa, likafungwa mwaka 1873, na jiwe la msingi la kanisa likawekwa mwaka huo huo. Askofu Edward Steere, aliyesimamia ujenzi, amezikwa nyuma ya altare. Mbele ya altare, katika sakafu, mna duara la marumaru ambalo, kwa mapokeo ya kanisa, linaonyesha ulipokuwa mti wa kufungia watumwa na kuwachapa. Duara hilo lipanguse kwa utulivu, bila ya haraka, na uwataje mbele za Mungu watu ambao majina yao hatuyajui. Sijui namna bora zaidi ya kuelewa kwa nini Bwana wetu alijifunga kitambaa na kuwaosha wanafunzi miguu.

Baada ya sakafu, wagonjwa. Ukienda kumtazama mgonjwa hospitali ya Mnazi Mmoja au nyumbani kwake, uliza mapema anaruhusiwa kula nini, tia uji katika chupa ya chai ili ufike moto, na usisahau kikombe na kijiko, kwani mara nyingi ndivyo vinavyokosekana. Nilipokuwa kijana nilisimama kando ya kitanda cha mama mmoja wa kanisa letu nikaomba kwa sauti kubwa na kwa muda mrefu, wodi nzima ikinyamaza kunisikiliza, hata yeye akanishika mkono akasema, "Mwanangu, Mungu amekusikia. Uji unapoa." Tangu siku hiyo humlisha mgonjwa kwanza, nikaomba kwa sauti ya chini, kisha nikamuuliza mgonjwa wa kitanda cha pili, Mwislamu au Mkristo, kama naye anahitaji kumiminiwa maji.

Jirani nao ni sehemu ya neema tunayoishukuru. Mwezi wa Ramadhani wengi wetu hubishiwa hodi jua linapokuchwa, sahani ya futari ikaingia chini ya kawa, na sahani ya jirani hairudishwi tupu. Weka tende, ndizi mbivu au tikiti, vitu ambavyo havitamtia shaka, na mchana usile wala kunywa mbele yake. Hapo usianze mahubiri. Mpe mkono, mtakie funga njema, uondoke.

Haya yote yafanye bila ya kuyapiga picha na bila ya kuyatangaza baada ya ibada. Yesu alisema mkono wa kushoto usijue ufanyalo wa kuume, nami naliona agizo hilo kuwa ni huruma pia kwa anayesaidiwa, ambaye hapendi uhitaji wake ujulikane mpaka sokoni Darajani.

Usiku, kabla ya kulala, irudie siku yako kuanzia mwisho hadi alfajiri, na utafute mtu aliyekutendea wema ukampita bila ya kumwambia ahsante: aliyekupisha kwenye daladala, au aliyekuanulia nguo mvua ilipokuja. Kama ni jirani, na taa ya baraza yake bado inawaka, usingoje asubuhi. Vaa viatu uende.