Usilifukue Kosa Ulilokwisha Kusamehe
Mungu anaposamehe, halirudii kosa ili kumwaibisha aliyetubu. Katika Isaya 43:25 anasema kwamba hatazikumbuka dhambi za watu wake, naye Daudi, katika Zaburi 103:12, anaimba kwamba Mungu ameyaweka makosa yetu mbali nasi kama mashariki ilivyo mbali na magharibi. Hapo ndipo Wakristo wengi tunapojikwaa, kwa kuwa tunatamka msamaha kwa kinywa, lakini ugomvi mwingine unapozuka, hata baada ya miaka, tunalifukua lile la zamani na kulifanya silaha. Kwa hiyo, ukishamsamehe ndugu yako, azimia mbele za Mungu kutolitaja tena kosa hilo, si kwake wala kwa watu wengine, na kila uchungu unapokurudia (nao utarudi, kwa maana moyo hauponi kwa siku moja), mwombee mtu huyo kwa jina lake kabla hujasema naye neno. Ukiona deni lake ni kubwa mno, soma tena Mathayo 18 kuhusu mtumwa aliyefutiwa talanta 10,000, deni kubwa lisilolipika, kisha akamkaba koo mwenzake kwa ajili ya dinari 100, deni dogo sana likilinganishwa na lake. Hayo hayamaanishi kuficha uhalifu: anayeendelea kuwadhuru wengine anapaswa kuzuiwa, hata kama umemsamehe.