RAV4 ya kilomita 248,000 na dereva wa miaka 19

Kwa miaka 22 nilikuwa dereva wa lori kati ya Dar es Salaam na Tunduma. Barabara ile naijua kona kwa kona, na nimeona kwa macho yangu magari yanaua watu kwa sababu gani. Injini huwa haimo. Injini ikifa unasogea pembeni na kupiga simu. Kinachoua ni tairi lililozeeka, breki isiyoshika, usukani uliolegea na taa isiyomulika mbali. Binti yangu alipopata nafasi Chuo Kikuu Mzumbe, nasi tunakaa Kihonda, Morogoro, nikajua atakuwa anapita barabara hiyo hiyo ya Iringa kila siku, katikati ya malori yanayokwenda Zambia na Kongo. Gari lake nikaamua litatengenezwa kwa mpangilio wangu: kuanzia chini kwenda juu, na yeye akiwepo mwanzo mpaka mwisho.

Gari lenyewe ni RAV4 ya 2002, ile ambayo mitaani inaitwa Kili Time, milango mitano, giaboksi ya otomatiki. Dashibodi ilisoma kilomita 248,000. Namba hiyo haikunitisha. Naipenda namba kubwa inayosema kweli kuliko 90,000 iliyorudishwa nyuma. Ukitaka kuhakikisha, fungua boneti na mlango wa dereva, tafuta vibandiko vya karakana za Japani. Huwa wanaandika tarehe na kilomita za siku ya kubadilisha oili, na mwaka mara nyingi ni wa kifalme: H20 maana yake 2008. Kibandiko cha gari letu kilisema H20 na kilomita 112,000. Hesabu ikakubali. Tazama pia mpira wa pedali ya breki na ukingo wa kiti cha dereva. Pedali iliyolika mpaka chuma haiendani na kilomita 90,000.

Tazama na namba ya chasisi. Yetu inaanza na ZCA26, yaani injini ya cc 1,800 aina ya 1ZZ-FE, inayovuta kwa miguu ya mbele tu. Ndugu yake ACA21 ana cc 2,000 za D-4, ambayo petroli inapuliziwa moja kwa moja ndani ya silinda kwa pampu ya presha kubwa. Vali za kuingizia hewa hazioshwi na petroli, kaboni inaganda juu yake, na pampu ikifa bei yake inauma. Kwa mwanafunzi nilichagua iliyo rahisi. Ugonjwa wa 1ZZ ni kula oili, nitaufikia mbele.

Makaratasi kwa ufupi: dereva awe ametimiza miaka 18 na ana leseni ya daraja D, kadi ya gari ihamishwe TRA kabla hujamlipa muuzaji shilingi ya mwisho, madeni ya faini yaangaliwe kwa namba ya gari, na bima iwe hai.

Sasa matairi. Gari lilikuja na matairi manne yenye kashata, yaani mistari ya kukanyagia, nzuri kabisa, na muuzaji aliyasifu. Nikachuchumaa nikasoma ubavuni. Kila tairi lina herufi DOT, na mwisho wake tarakimu nne: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Moja lilisoma 2311, wiki ya 23 ya mwaka 2011. Mpira huzeeka hata ukiwa umelala stoo. Ukilikunja tairi kama lile pembeni kwa kidole unaona nyufa nyembamba kama za udongo uliokauka. Tairi la namna hiyo linapasuka kwenye mwendo wa 100, saa nane mchana lami ikiwa inawaka, na RAV4 ni gari refu kwenda juu, likiyumba ghafla linapinduka. Nilinunua manne mapya, saizi 215/70R16, na la tano la akiba nikachagua mtumba lenye mwaka wa karibuni. Kama fedha haitoshi, acha kila kitu kingine kisubiri. Kibandiko cha mlango wa dereva kwenye gari letu kinataka upepo wa 200 kPa, sawa na psi 29 hivi, na upimwe asubuhi tairi likiwa la baridi. Vijana wa upepo wanapenda kujaza 40 ili usirudi mapema. Nilimnunulia binti kipimo chake mwenyewe, kidogo, kinakaa kwenye mlango.

Breki nilizipa siku nzima ya Jumamosi. Mbele ni diski, nyuma ni dramu. Kwanza tulifungua magurudumu yote, maana huwezi kujua hali ya breki kwa kukanyaga pedali tu. Kulia mbele, pedi ya ndani ilikuwa imelika karibu kufika chuma, ya nje bado nene. Hiyo ni dalili ya kuganda kwa pini za kalipa, kile chuma kinachozibana pedi kwenye diski: kalipa haitelezi, pedi moja inafanya kazi ya mbili, na gari linavuta upande mmoja ukifunga breki. Ukibadilisha pedi bila kugusa pini, baada ya miezi michache unarudi pale pale. Chomoa pini, zisugue ziwe safi, paka grisi maalumu ya breki isiyokula mpira. Grisi ya kawaida inavimbisha vile vimpira na pini zinaganda upya. Pedi ikibaki milimita 3, ibadilishe, na ubadilishe za pande zote mbili pamoja.

Kwenye dramu tulikuta silinda ndogo ya kushoto inavuja, breki shuu zimelowa. Shuu iliyokwishalowa haioshwi, inatupwa. Hosi za mpira za mbele nazo nilibadilisha kwa sababu ya umri, kwani mpira uliozeeka unavimba ndani na kuzuia mafuta yasirudi. Mafuta ya breki yalikuwa na rangi ya chai ya rangi. Hayo hunyonya unyevu wa hewa, na unyevu ukichemka kwenye mteremko pedali inazama hadi chini. Niliona lori la mwenzangu likifanya hivyo kwenye mlima Kitonga, kabla ya Iringa. Tulimwaga yote, tukaweka DOT 3 mpya, tukatoa hewa gurudumu moja moja, tukianza na lililo mbali zaidi na pampu ya breki. Binti ndiye alikuwa anakanyaga pedali, fundi anafungua nati. “Kanyaga. Shikilia. Achia.” Baada ya gurudumu la pili alikuwa anajua mwenyewe, kwa mguu, pedali yenye hewa ikoje.

Usukani na miguu ya mbele ni kazi ya kutikisa. Inua gurudumu kwa jeki, weka stendi chini ya chasisi, shika tairi juu na chini ulitikise: likicheza, tazama boli jointi, yaani kiungo cha mguu wa mbele, na bearing ya gurudumu. Shika kushoto na kulia: likicheza, ni tairodi endi, kiungo cha mwisho cha fimbo ya usukani. Zetu zilicheza zote mbili. Shokapu za nyuma zilikuwa zimetoa mafuta. Baada ya kubadilisha vitu hivi lazima alaimenti, yaani kunyoosha magurudumu, la sivyo yale matairi mapya yatalika upande mmoja kabla ya mwaka kwisha. Na nati za magurudumu zifungwe kwa spana ya kipimo, Nm 103 kwa gari hili, si kwa kurukia wili spana.

Kabla ya kufika kwenye injini, kaa kwenye kiti cha dereva, fungua swichi bila kuwasha gari, uitazame taa ya airbag. Inatakiwa iwake sekunde chache kisha izime yenyewe. Ikiwa haiwaki kabisa, huenda kuna mtu ameichomoa taa ili kukuficha kitu, na huenda gari lilishapata ajali na mfuko haupo. Halafu vuta kila mkanda kwa ghafla, uone kama unakamata. Mkanda wa katikati nyuma ulikuwa umefukiwa chini ya kiti, tukauchimbua. Nilimwambia binti idadi ya mikanda ndiyo idadi ya abiria. Wanafunzi wenzake wataomba lifti, wa sita atapanda daladala.

Taa za mbele zilikuwa za njano kama jicho la mgonjwa. Msasa wa maji namba 800, kisha 1500, kisha 2000, halafu polishi. Mwisho puliza vanishi ya kuzuia jua, kwa sababu usipoiweka unjano unarudi mapema. Kazi hii aliifanya yeye peke yake, saa tatu nzima uani, na vipindi vya jioni vinapoisha giza limeingia ndipo anapoona faida yake.

Injini sasa. Tulibishana na fundi juu ya thamostati. Alikuwa amefungua mfumo wa maji, akakuta haipo, gari liliishi miaka bila hiyo. Akasema, “Mzee, hii haina kazi huku kwetu. Baridi ya kuihitaji iko wapi?” Ni fundi mzuri na ninamheshimu, ila hapo sikukubali. Thamostati inafunga maji mpaka injini ifike kama nyuzi 82, ndipo inafungua. Bila hiyo injini inakaa ya baridi barabarani, kompyuta inazidisha petroli, oili haipati joto la kukausha unyevu wake na vyuma vinalika upesi. Mafundi wengi huitoa gari linapochemsha, na kwa kufanya hivyo wanaficha ugonjwa wenyewe: rejeta iliyoziba, feni isiyozunguka, mfuniko usioshika presha. Nikanunua mpya. Tukaipima jikoni: itumbukize kwenye sufuria ya maji, washa jiko, inatakiwa ianze kufunguka kabla maji hayajatokota. Ikigoma, irudishe dukani siku hiyo hiyo.

Rejeta ilikuwa imejaa kutu ya maji ya bomba, plastiki ya juu ina ufa mdogo karibu na hosi. Tuliweka nyingine, hosi mpya mbili, kulanti (maji maalumu ya rejeta) na mfuniko mpya. Kisha tuliacha gari liungurume mpaka feni ilipowaka yenyewe na kuzima yenyewe, mara mbili. Binti anajua mshale wa joto hukaa kati. Ukipanda, AC inazimwa, hita inafunguliwa hadi mwisho, gari linaegeshwa, injini inazimwa, na mfuniko wa rejeta haufunguliwi mpaka injini ipoe kabisa, hata kama kuna mtu mzima pembeni anamwambia “fungua tu, dada.”

Na ule ugonjwa wa kula oili. Injini hizi za 1ZZ za miaka ile zina vitundu vidogo kwenye pistoni, vinaziba, ringi zinashindwa kukwangua oili, inaungua. Ukiwasha asubuhi tazama nyuma kama kuna moshi wa bluu. Tulibadilisha oili na filta, lita 3.7, tukaweka vali mpya ya PCV, ile inayotoa mvuke wa ndani ya injini, kwa kuwa ni ya bei ndogo na ikiziba inazidisha ulaji, kisha tukaliendesha kilomita 1,000 tukipima. Lilikula nusu lita. Ingefika lita nzima ningeshusha injini. Kwa nusu lita, dawa ni nidhamu: kila Jumapili asubuhi, gari likiwa sehemu tambarare, binti anachomoa dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, anaifuta, anaichomeka, anasoma. Chupa ya lita moja iko kwenye buti. Injini ya namna hii huuawa na mtu anayesubiri taa ya oili iwake.

Oili ya giaboksi tulimwaga kwa nati ya chini, ikatoka kama lita tatu na nusu, tukarudisha kiasi kile kile cha oili mpya aina ya T-IV. Baada ya wiki tukarudia, na wiki nyingine tena. Kwa giaboksi ya umri huu sikutaka mashine ya kusukuma oili yote kwa mpigo, inaamsha uchafu uliotulia.

Kabla sijampa funguo alibadilisha gurudumu uani, peke yake, mimi nimekaa barazani. Mara ya kwanza dakika 41, ya tatu dakika 17. Ndani ya gari kuna jeki, wili spana, kipande cha bomba cha kurefusha mpini, pembetatu mbili, mtungi wa kuzimia moto, tochi, na daftari. Kila anachofanya anaandika: kilomita, oili iliyoongezwa, upepo. Wiki iliyopita tulikwenda naye Iringa kwa bibi yake, na wakati wa kurudi, tukishuka Kitonga, aliweka gia kwenye 2, halafu L, mguu ukigusa breki kwa kupumzika. Tulipofika chini nilishika rimu kwa kiganja. Zilikuwa na joto la kawaida.

Katika kila shilingi kumi nilizotumia, sita zilikwenda kwenye matairi, breki na miguu. AC bado haipozi. Boneti imebabuka rangi, redio inashika stesheni mbili tu, na binti ameshaniuliza habari ya spika. Mwezi ujao ni bushi za nyuma.