Rivabu Isiyomeza Maneno: Kuchanganya Wimbo Uliorekodiwa Nyumbani

Kabla ya kuongeza rivabu yoyote, yaani mwangwi wa kutengenezwa unaowekwa kwenye sauti iliyorekodiwa, sikiliza sauti ya mwimbaji peke yake, hasa pale anaponyamaza ili kuvuta pumzi. Ikiwa chumba kilikuwa kitupu na kuta zake ni za saruji, utasikia kwamba mwangwi wa chumba hicho umekwisha kushikamana na sauti, na rivabu utakayoiweka itaukuza pamoja nayo. Kama nafasi ya kurudia ipo, tundika mablanketi mazito nyuma ya mwimbaji na urekodi upya, kwa maana hakuna programu itakayokuokolea muda kuliko kazi hiyo.

Usiiweke rivabu moja kwa moja kwenye treki ya mwimbaji. Fungua njia ya pembeni, weka humo rivabu inayotoa mwangwi mtupu kwa asilimia 100, kisha uipelekee sauti kidogo kidogo. Hapo utaweza kuuchuja mwangwi bila kuigusa sauti yenyewe: ondoa masafa yaliyo chini ya hezi 250 hivi ili usigombane na besi, na yaliyo juu ya hezi 7,000 ili s na sh zisiache mchirizi. Kuuchelewesha mwangwi uanze milisekunde 20 hadi 40 baada ya sauti huiacha konsonanti itangulie ikiwa kavu, yaani bila mwangwi.

Muda wa mwangwi kufifia ndio unaohitaji uangalifu mkubwa zaidi. Maneno ya Kiswahili karibu yote huishia kwa irabu, na irabu ndizo zinazoijaza rivabu. Mkia wa mwangwi ukiwa mrefu, irabu ya neno lililopita huilalia konsonanti ya neno linalofuata, na msikilizaji hubaki na melodi isiyo na maana. Katika wimbo wa mapigo 90 kwa dakika, pigo moja huchukua takriban milisekunde 667, kwa hiyo anza na mapigo mawili, yaani sekunde 1.3 hivi, kisha upunguze.

Wewe uliyeyatunga maneno huwezi kupima kama yanasikika, kwa sababu akili yako huyajaza yaliyopotea. Mpe wimbo mtu asiyeyajua, ausikilize mara moja kwa spika ya simu, na umwombe aandike ubeti wa kwanza kama alivyousikia. Ukimuuliza tu kama ameupenda, adabu itamjibia. Akisema sauti iko mbali, usimweleze ulichokusudia. Andika, ushukuru, na uamini tatizo alilolisikia hata kama dawa anayoipendekeza siyo. Watu wawili wasioshauriana wakikosea neno lilelile, rekebisha pale pale.

Ukiwapa matoleo mawili wayalinganishe, hakikisha yana ukubwa uleule wa sauti, maana lenye sauti kubwa zaidi huonekana bora bila sababu. Badilisha jambo moja kwa wakati, hifadhi toleo kwa jina jipya, na jaribio linalofuata ulipeleke kwa msikilizaji mwingine, kwa kuwa yule wa kwanza sasa ameshayajua maneno.