Somo: Kupiga picha za juu kwa mwanzi wa mita 6 na simu yako

Wakuu, picha iliyonitia wazimu huu ni ya magofu ya Tongoni, kusini mwa mji wa Tanga. Ukisimama chini unaona kuta na makaburi yenye nguzo, basi. Ukipandisha jicho mita 6 tu, msikiti wote unajichora: kibla huku, safu za nguzo kule, mlango pale. Ndege nyuki ingeifanya kazi hiyo kwa dakika mbili, lakini sina, na hata ningekuwa nayo kuna kibali cha TCAA (mamlaka ya usafiri wa anga) cha kufuatilia. Kwa hiyo mwanzi. (Yale ni mambo ya kale, mlinzi aombwe kwanza.)

Hatua ya 1: Mwanzi

Tafuta uliokomaa, si ule wa kijani unaong'aa. Kitako kiwe kinene kama kifundo cha mkono. Uukaushe kivulini wiki tatu au nne ukiwa umesimama. Ukiuanika juani unapasuka. Vifundo vipige msasa, viganja vyako vitakushukuru.

Bomba la PVC la inchi moja nimelijaribu, linapinda kama fimbo ya kuvulia samaki. La alumini ni jepesi na limenyooka, ila linapitisha umeme, nami sitamshauri mtu alibebe kwenye mitaa yetu hii yenye nyaya kila paa.

Hatua ya 2: Kichwa

Kata ncha sentimita tano juu ya kifundo, gongomea ndani yake kipande cha mti mgumu chenye gundi. Kabla ya kutoboa chochote, zungushia mpira wa tyubu ya baiskeli ukiuvuta kwa nguvu, maana mwanzi hupasuka kwa kutazamwa tu. Kisha funga juu yake kipande cha chuma bapa kilichokunjwa mfano wa herufi L, chenye tundu la bolti. Fundi wa kuchomelea atakukunjia huku mnapiga soga.

Sasa tulieni, hapa ndipo wengi wanapigwa. Tundu la chini ya kamera, na la vishikio vya simu vya tripodi, linataka bolti ya robo inchi yenye meno 20 kwa inchi. Dukani watakupa M6, ambayo kwa macho ni hiyo hiyo. Siyo. M6 ni milimita 6, robo inchi ni milimita 6.35, na meno yake hayalingani. Itaingia ikichezacheza, utadhani imekaza, halafu simu ishuke na kishikio chake. Nenda dukani na kishikio mkononi, ujaribu hapo hapo kaunta.

Simu iiname kutazama chini nyuzi 20 hadi 30. Ikitazama mbele tu, nusu ya picha ni mawingu. Tumia nati ya masikio ili ubadilishe mwinamo bila spana. Mwisho funga uzi wa nailoni kutoka kwenye kava ya simu hadi kwenye mwanzi. Huo uzi umeniokoa mara mbili.

Hatua ya 3: Simu ijipigie yenyewe

Weka programu inayopiga kila baada ya sekunde 3 au 5. Rimoti ya Bluetooth nayo inafaa, ila ukiwa chini huna uhakika kama imepiga. Kabla ya kupandisha, lenga jengo, shikilia kidole kwenye skrini mpaka mwanga na fokasi vijifunge. Kama simu ina sehemu ya kupanga mwenyewe kasi ya kupiga, weka 1/500 ya sekunde, kwa sababu ncha haitulii hata siku moja.

Hatua ya 4: Kusimamisha na kushusha

Fanya kama wanavyosimamisha mlingoti wa mashua. Mwenzako anazuia kitako kwa mguu, wewe unaanzia nchani na kutembea kuelekea kwake, mkono baada ya mkono, mpaka usimame wima. Usijaribu kuinua peke yako kwa kushika kitako. Gramu 200 za simu mwishoni mwa mita 6 zinakuwa mzigo wa kukutegua kiuno. Kushusha ni njia ile ile, kinyumenyume na polepole.

Simu yangu ya kwanza haikuvunjikia juu. Ilivunjika wakati wa kushusha: mwenzangu aliondoa mguu apokee simu yake, kitako kikateleza, ncha ikachapa saruji kama bakora. Tangu siku hiyo mzuia kitako anaacha simu yake ndani.

Ukishasimama, kitako kikae ardhini na mwanzi uegemee begani. Ukigeuka, simama uhesabu mpaka tano, kwani ncha huendelea kuyumba wewe ukiwa umeshatulia. Huku pwani nenda asubuhi, kabla upepo wa baharini haujaamka.

Umeme

Mwanzi mkavu si kinga, na ukiwa na umande ndiyo kabisa. Kanuni yangu: toka ulipo mpaka waya wowote wa umeme kuwe na mara mbili ya urefu wa mlingoti. Wa mita 6, basi mita 12, na huo waya mwembamba wa kuingia nyumbani nao unahesabiwa. Kukiwa na dalili ya radi, laza mwanzi.

MASWALI YA WANACHAMA

Mpemba wa Mjini: Fundi, nikitaka mita 10?

Jibu: Unganisha miwili kwa kipande cha bomba kinachobana, kiingie angalau sentimita 40 kila upande. Kisha kamba tatu kutoka theluthi mbili za urefu, na mtu kwa kila kamba. Hapo mko wanne au watano kwa picha moja, jiulize kama inalipa.

Binti Mvuvi: Shikamoo kaka. Kwa nini usitumie tiara tu? Upepo tunao bure.

Jibu: Marahaba dada. Inawezekana, na ni ya zamani: Mfaransa Arthur Batut alipiga picha kwa tiara mwaka 1888, na mwaka 1906 George Lawrence akainua kamera kwa tiara kadhaa akapiga San Francisco iliyobomolewa na tetemeko na moto. Lakini upepo ukikata ghafla, simu yako inaenda kwa samaki. Anza na kamera ya bei ndogo.

Jirani Mwema: Nimepiga paa langu kuangalia kutu, jirani kaja juu kwamba nachungulia uani kwake.

Jibu: Ana haki, mkuu. Uani watu wamejifungia wakiamini ukuta. Mimi napiga hodi kwanza, nasema saa, na nikimaliza naonyesha picha zote. Iliyoingiza ua wake naifuta mbele yake. Hajawahi mtu kunikatalia.

Mnyalukolo: Huku Iringa mianzi ya ulanzi (ile inayogemwa pombe) imejaa, inafaa?

Jibu: Chagua ambao haujagemwa. Uliogemwa umekatwa kilele ungali mchanga, utapata fimbo ya kuchungia mbuzi. Na uende asubuhi, wagemaji wakiwa bado wanakumbuka upi ni upi.