Namna ya kupima hasara ya kelele kabla ya kununua megabiti zaidi

Mvua ikishika Tukuyu, mkoani Mbeya, ofisi inayopeleka data kwa redio huanza kulalamika kwamba mtandao umelemewa, na wa kwanza kulaumiwa huwa ni upana wa njia. Kabla ya kununua megabiti nyingine, pima kwanza ni pakiti ngapi, yaani vipande vya data, zinazopotea kwa kelele, yaani mvurugo wa mawimbi ya redio.

Tuma pakiti 1,000 kwa amri ya ping, inayotuma pakiti na kuhesabu majibu yanayorudi, hadi kwenye seva mnayoitumia, mara moja mvua inaponyesha na mara nyingine kukiwa kukavu. Weka ukubwa wa baiti 1,472, ambazo pamoja na baiti 28 za vichwa (taarifa za anwani na udhibiti zinazotangulia data) hufikia 1,500. Ukitumia pakiti ndogo za kawaida utadanganyika, kwa kuwa pakiti fupi hupenya kelele ambayo ingeiharibu pakiti ndefu.

Tuseme umepata upotevu wa asilimia 10 na milisekunde 40 za kwenda na kurudi, katika njia ya megabiti 10 kwa sekunde. Pakiti moja huchukua milisekunde 1.2 kutumwa. Itifaki, yaani kanuni za kutuma data, inayotuma pakiti moja na kusubiri uthibitisho kwamba imefika hutumia chini ya asilimia 3 ya njia hata pasipo kelele, kwa hiyo kelele haina kikubwa cha kuipokonya. Ukifungua dirisha la pakiti 35, yaani kuruhusu pakiti 35 zitumwe kabla ya kusubiri uthibitisho, njia hujaa, na hapo ndipo kelele huuma: itifaki inayorudi nyuma huzitupa pakiti zote zilizoifuata ile iliyoharibika, hata zilizofika salama, na ufanisi hushuka hadi karibu asilimia 21. Inayorudia iliyopotea peke yake hubaki karibu na 90.

Kwa sababu hiyo, hakikisha uthibitisho wa kuchagua (SACK) wa TCP, itifaki inayobeba data nyingi za intaneti, umewashwa pande zote mbili; ulisanifishwa mwaka 1996, na humwezesha mtumaji kurudia pakiti zilizopotea tu. Hautoshi peke yake, kwani TCP ya kawaida hudhani kila upotevu ni msongamano na kupunguza kasi bure. Heri redio yenyewe irudie pakiti iliyoharibika kabla TCP haijashtuka.

Ikishindikana, fupisha pakiti. Biti moja ikiharibika katika kila 100,000, pakiti ya baiti 1,500 huharibika kwa takribani asilimia 11, na ya baiti 500 kwa asilimia 4. Usishuke mno, maana vichwa vya pakiti ya TCP, ambavyo ni baiti 40, hubaki vilevile, na katika pakiti ya baiti 100 hivyo ni mzigo wa asilimia 40.