Upasuaji wa ncha ya mzizi wa jino: uliza bei hivi, panga malipo hivi

Nakaa dirisha la malipo kwenye kliniki ya meno hapa Dar es Salaam. Kila wiki naulizwa, "Dada, kupasua mzizi wa jino shilingi ngapi?" Bei moja haipo, na ukitajiwa moja kwa mdomo usiondoke nayo.

Anza na daktari. Muulize kama mzizi unaweza kutibiwa upya kwa kupitia juu ya jino. Upasuaji huja pale njia hiyo imeshindikana, au jino lina kofia na nguzo, yaani kipini kilichozamishwa ndani ya mzizi, ambayo kuing'oa kunaweza kuutia mzizi ufa. Hapo ndipo hufungua ufizi, hutoboa mfupa, hukata kama milimita 3 za ncha na kuziba tundu la mzizi kutokea huko nchani. Muulize pia kama mzizi una ufa wa wima, kwa sababu ukiwa nao jino huwa haliponi, na hela itakuwa imeenda bure.

Kisha omba profoma, yaani karatasi ya makadirio ya bei kabla ya kazi, iliyochambuliwa. Kuna mama kaniletea ya kwingine ina mstari mmoja tu, "Upasuaji", na jumla chini. Nilimrudisha akaulize: eksirei zimo? Dawa ya kuziba ncha, hasa ile ya MTA ambayo ni ghali, imo? Kutoa nyuzi je? Nyama iliyotolewa ikipelekwa maabara, nani analipa? Na ni mizizi mingapi? Jino la mbele kwa kawaida lina mzizi mmoja na linafikika. Gego lina miwili au mitatu, na la chini liko karibu na mshipa wa fahamu, kwa hiyo kazi ni ndefu na bei inapanda.

Wenye bima, tafadhali sana: kadi kusoma kwenye mfumo si kibali. Peleka profoma mapema, uliza kama kifurushi chako kinagusa upasuaji wa meno na kiasi gani kimebaki, na usipange tarehe kabla kibali hakijatoka kwa maandishi.

Unalipa taslimu? Uliza kama kliniki inapokea kwa awamu, na makubaliano yaandikwe. Linganisha na hospitali ya Muhimbili au chuo kikuu cha afya cha MUHAS, Upanga, wanakosomeshwa madaktari wa meno. Kama jino limetulia na daktari karidhia, subiri zamu yako ya mchezo au mgao wa kikoba kuliko kukimbilia mkopo wa simu wenye riba kali. Lakini uso ukivimba, homa ikipanda au kumeza kukiwa shida, nenda hospitali siku hiyo hiyo, hesabu zitafuata.

Dai risiti ya mashine kwa kila awamu. Na kabla ya kulipa ya mwisho, uliza kama eksirei ya kuangalia mfupa unavyojijenga, baada ya miezi 6 na tena baada ya mwaka, imo ndani au utailipia upya.